Trela la Boti Huugulia Majini, Likafia Barabarani

Barabara kuu ya kutoka Likoni hadi Lunga Lunga haina mlima wa kuitwa mlima. Ni takriban kilomita 100, na ukiondoa mabonde ya mito kama Mwachema, Mkurumudzi na Ramisi, dereva huenda usawa mmoja hadi mpakani. Boti inayovutwa kutoka Mombasa kupelekwa Shimoni, Majoreni au Vanga haina mteremko wa kuzichosha breki za trela lake. Hata hivyo, trela lililosimama kando ya njia, gurudumu moja likifuka moshi na habu haishikiki, si kioja kwa watu wanaovuta boti Pwani ya Kusini. Lawama za kwanza hulipata jua, kisha mzigo, kisha mguu wa dereva, na mwishowe beringi "za siku hizi". Kila moja ina sehemu yake, lakini ni ndogo. Kinachochoma habu za huku ni maji ya chumvi yaliyoingia wiki au miezi iliyopita. Barabara hufichua tu.

Habu ni kile kitovu cha gurudumu kinachozunguka kwenye ncha ya ekseli. Ndani yake mna beringi mbili zenye rola za umbo la koni, nyuma mna sili ya mpira, na mbele kifuniko cha bati. Mpangilio huo ni wa zamani: Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi huko St. Louis, Marekani, alipata hataza yake mwaka 1898. Koni ile huiwezesha beringi kubeba uzito unaotoka juu na pia msukumo wa ubavuni gari linapokata kona. Sharti lake ni mawili: nati ikazwe kwa kiasi chake, na grisi iwe safi. Trela la boti ndilo chombo pekee cha barabarani ambacho mwenyewe hukitumbukiza baharini kwa hiari yake, tena kikiwa bado kina joto la safari, na hapo ndipo sharti la pili linapovunjika.

Tuseme pikapu imevuta boti kutoka Ukunda kwa kilomita 80 kwa saa. Magurudumu ya trela aghalabu ni madogo, kwa hiyo huzunguka mara nyingi zaidi kuliko ya pikapu. Tairi yenye kipenyo cha nusu mita, kwa mwendo huo, huzunguka karibu mara 850 kwa dakika. Ya pikapu yenye kipenyo cha sentimita 75 haifiki 570. Habu ikifika nyuzi 70 za Selsiasi si ajabu wala si ugonjwa. Sasa dereva anarudi nyuma moja kwa moja hadi majini, na maji yana nyuzi 27. Hewa iliyofungiwa ndani ya habu inapoa ghafla na kusinyaa kwa karibu sehemu moja ya nane. Nafasi hiyo haibaki tupu. Mdomo wa sili uliundwa kuzuia grisi isitoke na vumbi lisiingie. Haukuundwa kushindana na bahari inayofyonzwa kutoka ndani. Vijiko vichache vya maji hupenya, na kila lita ya maji hayo ina takriban gramu 35 za chumvi.

Dawa inajulikana na haina gharama: ngoja nusu saa, habu ipoe, ndipo uingie majini. Ila anayeshauri hivyo akiwa Diani, penye ufuo wa mchanga, hajawahi kushusha boti Majoreni. Kijiji hiki cha wavuvi, kati ya Shimoni na Vanga, kimezungukwa na mikoko na matope, na maji hupanda na kushuka ndani ya mkono wa bahari. Wakati wa bamvu, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu hukaribia mita 4. Ukifika maji yameshageuka, nusu saa ya kungoja habu ipoe inaweza kukugharimu saa sita za kungoja maji yarudi, na gari limekwama juu. Dereva mwenye akili hutazama maji, si habu, na kwa hesabu yake hakosei. Tatizo liko kwenye saa ya kuondoka nyumbani. Maji ya leo hayajai saa ile ile yaliyojaa jana. Huchelewa karibu dakika 50 kila siku. Anayepanga safari afike saa nzima kabla ya maji kujaa hupata nafasi ya habu kupoa na bado akapata kina cha kushusha boti. Anayeondoka "tukishakunywa chai" huipeleka habu ya moto majini kila mara.

Fungua habu iliyokwisha kuingiwa uone. Kifuniko kikitoka, grisi haina tena ule wekundu au ubuluu wake. Ni nyeupe ya kijivu, laini mno, na ukiisugua kati ya kidole gumba na cha shahada unasikia chengachenga. Ivute beringi ya nje, ifute kwa kitambaa chenye petroli, kisha iangalie ile bakuli ya chuma inayobaki ndani ya habu. Upande wa chini pana mistari ya hudhurungi, mmoja mmoja, iliyopangana kwa umbali ule ule wa rola. Mistari hiyo haikuchorwa barabarani. Ilichorwa trela likiwa limeegeshwa: maji yaliteremka chini, yakakaa pale rola inapogusa chuma, kutu ikala kwa utulivu. Siku gurudumu linapozunguka tena, kila rola hupita juu ya makovu hayo mara mamia kwa dakika, chuma kinachubuka, msuguano unaongezeka, joto linapanda, grisi iliyobaki inayeyuka na kutoka. Kuanzia hapo ni kilomita chache tu.

Ndiyo maana ugonjwa huu una majira yake. Kusi inapokaza, kati ya Mei na Julai, boti nyingi za uvuvi wa michezo na za watalii hupandishwa nchi kavu, na matrela hukaa chini ya miembe na mikorosho na yale maji yaliyoingia mara ya mwisho. Msimu wa samaki wakubwa katika mkondo wa Pemba hufunguka tena kuanzia Agosti. Trela lililopumzika miezi mitatu huonekana zima. Tairi hujazwa upepo, taa hujaribiwa, safari inaanza. Mwenyewe husema limeharibika ghafla.

Jibu la kila mtu ni moja: lipige grisi. Hapa naomba kuwa mkali kidogo. Grisi mpya inayosukumwa juu ya maji ya chumvi huyafungia maji ndani, na kutu huendelea kula chini ya grisi nzuri. Isitoshe, habu nyingi siku hizi zina kifuniko chenye springi na nipo ya grisi, kilichobuniwa ili grisi ikae na msukumo mdogo wa kuzidi ule wa maji. Ni kifaa kizuri, kikitumiwa kwa adabu. Lakini kijana wa gereji akipiga bomba mpaka mkono uchoke, grisi hutafuta pa kutokea, na panapokubali upesi ni sili ya nyuma. Nyuma ya sili ndipo zilipo shuu za breki. Kwa hiyo tiba ya beringi inaua breki ya gurudumu hilo, breki ya upande wa pili inabaki ikifanya kazi ya wawili, na ndiyo itakayopata moto. Watu wataifungua ile yenye moto watafute kosa, na kosa liko upande uliopoa.

Aina ya grisi nayo ina maneno yake. Ile grisi ya bei nafuu ya kalsiamu, inayouzwa kwa kupimiwa na inayofaa mashine za kasi ndogo, huanza kuyeyuka ikikaribia nyuzi 100. Haivumilii jirani wa drami ya breki. Grisi ya lithiamu kompleksi huenda zaidi ya 200, na zile za kalsiamu salfoneti huongeza ukaidi dhidi ya maji ya chumvi, ingawa bei yake humfanya mtu afikirie mara mbili. Kuchanganya ndiko kubaya zaidi. Grisi mbili nzuri zenye asili tofauti, kwa mfano ya lithiamu na ya poliurea, zinaweza kukutana ndani ya habu zikageuka uji. Anayebadilisha aina aoshe ya zamani yote kwanza.

Kisha nati. Beringi ya koni ikikazwa kama nati ya gurudumu, itaungua hata ingekuwa mpya na kavu. Utaratibu wa watengenezaji ekseli ni huu: kaza huku ukiizungusha habu ili rola zikae mahali pake, legeza kabisa bila kuizungusha, kisha rudisha nati kwa vidole tu, tia pini ya kota. Habu hubaki na mchezo mdogo usioonekana kwa macho, sehemu ndogo ya milimita. Fundi aliyezoea kukaza huona hiyo ni kazi ya uvivu. Ongeza beringi bandia, ambazo hazikuisha madukani licha ya sheria ya 2008 ya kupambana na bidhaa bandia, na utaelewa kwa nini beringi mpya yaweza kufa kabla ya ile ya zamani.

Hadi hapa ni beringi. Breki zina hila zake, na ndizo zinazotoa moshi.

Matrela mengi ya boti yenye breki hutumia breki za kusukumana. Hakuna waya wala bomba kutoka kwa dereva. Gari likipunguza mwendo, trela husukuma mbele, chuma kilicho ndani ya ulimi wa trela hurudi nyuma, nacho huvuta kebo au kusukuma mafuta ya breki hadi kwenye magurudumu. Gari likivuta tena, chuma kinatoka na breki zinaachia. Ulaya, trela likizidi kilo 750 lazima liwe na breki, na aina hii inaruhusiwa hadi kilo 3,500. Matrela yanayoagizwa kutoka Uingereza huja nayo. Ni ufundi rahisi na wenye busara, ila unategemea neno moja: kuachia. Kila kitu ndani yake kinachopaswa kurudi kinazuiwa na kutu. Chuma cha ulimi kikikauka grisi, hurudi nusu. Kebo ikiota kutu ndani ya ganda lake, huvutika na isirudi. Pistoni ya silinda ndogo ya gurudumuni ikishikwa na chumvi, shuu hubaki zimegusa drami. Springi ya kurudisha ikikatika, ndivyo hivyo. Hata bomba la mpira lililozeeka huvimba ndani, likaruhusu mafuta kwenda na kuyakatalia yasirudi. Na katika barabara yetu, matuta ya Ukunda na Msambweni huita breki hizo mara kwa mara; breki inayochelewa kuachia haipati muda wa kupoa kati ya tuta na tuta.

Kutofautisha kosa si kazi kubwa, mradi mtu asikimbilie kufungua. Simama baada ya kilomita kumi za kwanza, pitisha mkono karibu na kila habu bila kugusa kwanza, halafu gusa kwa kidole. Joto la kushikika ni halali. Linalolinganishwa ni kushoto na kulia: gurudumu moja likiwa la moto peke yake, kosa liko palepale, yakiwa yote mawili ya ekseli moja, tafuta kwenye ulimi au kebo kuu. Joto likiwa kwenye kifuniko cha katikati, shuku beringi. Likiwa kwenye ukingo wa drami, pamoja na ile harufu kali ya shuu zilizoungua, shuku breki. Weka jeki, zungusha gurudumu kwa mkono. Likigoma, achanisha kebo upande wa mbele: likilegea, ndani ya drami hamna kosa, likiendelea kugoma, usimsumbue mtu wa ulimi.

Kwa habu iliyokwisha kuwa na moto, makosa mawili hurudiwa. La kwanza ni kuimwagia maji. Chuma chenye moto hupasuka au hupinda, na sili huvuta maji kama ilivyofanya dikoni, boti iliposhushwa. La pili ni kuvuta handbreki. Shuu za moto zikibanwa kwenye drami ya moto huweza kuganda pamoja zikipoa. Weka kabari au mawe, acha upepo ufanye kazi. Na kumbuka kilicho juu: boti ya faiba yenye tangi la petroli si mzigo wa kuachwa juu ya gurudumu linalotoa cheche.

Kwa wanaotoka pwani, hesabu hubadilika. Boti na trela vya jumla ya kilo 1,500 vikisimamishwa kutoka kilomita 80 kwa saa, breki humeza jouli zipatazo 370,000. Vikishuka mteremko wa mita 200 kwenda chini, nguvu inayopaswa kumezwa na kitu fulani ni karibu jouli milioni 2.9, sawa na kusimama ghafla mara nane mfululizo. Mji wa Kwale uko karibu mita 400 juu ya bahari, na anayeshusha boti kuelekea Kombani amepewa sehemu kubwa ya hesabu hiyo. Anayepeleka boti Ziwa Naivasha, lililo karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, atakutana na mteremko wa Mai Mahiu, ambako hata malori makubwa hushindwa. Hapo breki za kusukumana zina udhaifu wasioufikiria wengi: gia ndogo huokoa breki za gari, haiokoi za trela. Gari likizuiwa na injini, trela huendelea kulisukuma mteremko mzima, na shuu zake hubaki zimegusa tangu juu hadi chini. Kilichobaki ni kwenda polepole tangu mwanzo, kusimama katikati na kuziacha zipoe, na kupunguza uzito. Tangi la lita 200 lililojaa ni kilo 150 hivi. Maji ya mvua yaliyotuama ndani ya boti kwa sababu hakuna aliyechomoa kizibo ni mzigo usiolipiwa nauli.

Kwa kuwa breki zinasumbua hivi, mafundi wengi wana suluhisho la mkato: ng'oa. Siwacheki. Trela linalovutwa na trekta kutoka uani hadi diko, mita mia chache kwa mwendo wa miguu, halihitaji breki. Kuweka breki pale ni kununua kutu. Lakini trela hilo hilo huazimwa, likapanda lami likiwa na boti ya tani moja na nusu nyuma ya pikapu nyepesi, na matuta yako mbele. Ajali ya namna hiyo haitangulizi moshi. Wenye uwezo huweka breki za disiki, ambazo hazifichi maji wala chumvi na huoshwa kwa urahisi, ingawa disiki za chuma kisichoshika kutu hupitisha joto kwa uvivu kuliko za chuma cha kawaida. Breki za umeme, zile za matrela ya nchi kavu, sumaku zake hazina maisha marefu majini.

Lililo bora kuliko yote ni habu kutoingia majini kabisa, na hili si ndoto. Trela lenye rola za mpira huiachia boti iteleze, hivyo magurudumu huishia ukingoni. Lile lenye mbao za kulalia hulazimisha kuzama mpaka boti ielee. Kamba ndefu kati ya gari na trela husaidia gari, haisaidii habu. Waingereza wenye mashua ndogo hutumia vitu viwili: trela la barabarani, na juu yake kigari chepesi ambacho peke yake ndicho kinachoingia baharini. Wazee wetu walivuta madau juu ya magogo, na gogo halina beringi. Kwa Majoreni, penye matope, kigari cha matairi mapana na yenye upepo mdogo kingefaa kuliko trela la lami kusukumwa hadi mikokoni.

Yasipowezekana hayo, basi ni usafi na ratiba. Osha kwa maji matamu kila unapopandisha, ndani ya drami hasa, kwa mpira wa kumwagilia uliofungwa moja kwa moja kwenye trela kama upo. Jerikeni mbili kwa gurudumu si nyingi. Tembeza trela kidogo baadaye ili liache maji. Likiegeshwa, tumia kabari na uache handbreki wazi. Watengenezaji husema fungua beringi kila miezi 12, lakini walikuwa wakifikiria barabara; kwa trela linalooga baharini, mara mbili kwa mwaka ni haki yake, na mara moja kati ya hizo iwe kabla tu ya kuliegesha kwa kusi, si baada. Wengi hufanya baada. Na beba habu nzima ya akiba, yenye beringi na grisi tayari, pamoja na sili, pini na jeki. Dukani utapata beringi kwa namba yake Ukunda au Mombasa. Kuipata usiku kati ya Ramisi na Kanana ni bahati.

Kuna mtihani mmoja ambao spana haiutatui. Katika vikundi vya usimamizi wa ufuo, zile BMU zilizowekewa kanuni mwaka 2007, boti na mashine huwa na mwenyewe kwenye daftari: nani alitoka nayo, lita ngapi, pato gani. Trela la pamoja halina ukurasa. Kila nahodha hulikuta, hulitumia, hulirudisha, na kila mmoja anaamini aliyetangulia aliifungua habu. Fedha za miradi hununua boti, injini, hata trela. Sijaona bajeti yenye mstari wa sili na grisi. Mwenye boti yake binafsi anayepoteza gurudumu huko Msambweni hulipa mwenyewe na hujifunza. Kikundi hulipa kwa mchango, na mchango hauna kumbukumbu ya ni habu gani iliyoungua, lini, na nani aliyeifunga nati.